Anayetoa Uji Ndiye Anayeanza

Kazi yangu ya maisha ilikuwa pua. Wako wenzangu wa mjini Moshi waliostaafu wakiwa wamejenga madaraja, au wameendesha garimoshi hadi Tanga, na wakikaa barazani wana cha kusimulia. Mimi nilifuta pua za watoto wa wachuma kahawa, tangu kabla ya vita vya Hitla hadi juzi nilipokabidhi funguo, na nikiulizwa nimebaki na nini, nasema nimebaki na mshangao. Nawaandikia nyinyi mabinti mnaoipokea nyumba ile kwa sababu najua mwezi wa kwanza mtalia. Watoto wote wataumwa, mama zao watawatazama kwa jicho la pembeni, na mtadhani kosa ni lenu. Kabla hamjafunga virago, someni haya.

Nilifika pale nikiwa msichana, nimevaa kanga ya mama yangu. Nyumba yenyewe ilikuwa ghala la zamani la kahawa, katika shamba la Mgiriki mmoja chini kidogo ya Uru. Kabla ya hapo wanawake walichuma na watoto mgongoni, na wale waliokwisha kuanza kutembea waliachwa chini ya mibuni, mpaka mmoja wao akatumbukia kwenye mfereji wa maji na kutolewa akiwa hoi. Ndipo mke wa mwenye shamba akalitoa lile ghala, likapakwa chokaa, likatandikwa mikeka, na watoto wakawa wanaletwa humo asubuhi na kuchukuliwa jioni. Hakuna aliyekuwa ameona kitu kama hicho. Mtoto wa mlimani alizoea kulelewa kihambani kwao, shamba la ukoo, ndani ya migomba, na bibi yake na ndugu zake. Hata mafua aliyoyajua yalikuwa ya ukoo wake.

Aliyenipokea ni Mama Felisia, mwanamke wa makamo wa huko huko Uru, Mkatoliki wa rozari mfukoni, mwenye mikono mipana na maneno machache. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanitazama toka kichwani hadi miguuni. Hakuniuliza kama najua kusoma wala kama napenda watoto. Aliniuliza kama nina tumbo gumu.

Sikuelewa mpaka uji ulipoiva. Ulikuwa uji wa ulezi, chungu kizima, na kila mtoto alikuwa na kata yake ndogo ya kibuyu. Wanawake hawakuondoka. Walisimama mlangoni na vikapu vyao vya kuchumia, wakingoja. Mama Felisia akajaza kata ya kwanza, akanywa funda moja, akameza huku wote wakimwona, akampa mtoto. Akajaza ya pili, akanywa, akampa mwenyewe. Hivyo hivyo mpaka mtoto wa mwisho, na kila mama alipoona kata ya mwanawe imeonjwa, aligeuka akaenda mibunini.

Baadaye, tukiosha vyombo, alinieleza. Huku mlimani, alisema, anayekukaribisha mbege, pombe ya ndizi, huanza kunywa yeye, ili ujue hakuna kitu ndani. Nani basi atamwacha mtoto wake kwa mtu baki, anyweshwe uji ambao haukuonjwa? Mimi ni mtoto wa mjini, baba yangu Mnyamwezi wa relini, mama yangu wa Kahe. Kwetu chakula kilisomewa bismillahi, kikaliwa. Lakini jambo lile lilinigusa. Niliona ni kiapo kinachoapwa kila asubuhi kwa uji, na kila mtoto anaapiwa wake.

Sasa kuhusu maradhi. Mtoto mgeni akiingia kwenye nyumba ya watoto wengi, ataumwa. Wiki ya kwanza pua, ya pili kikohozi, ya tatu tumbo, ya nne macho yanatoa matongo, kisha pua tena kama vile hapo mwanzo alikuwa anajaribu tu. Mama yake atakuapia kwamba kule nyumbani hakuwahi kupiga chafya, na atakuwa anasema kweli. Pale kwetu ilizidi, maana walikuja watoto wa baridi ya Uru na watoto wa joto la Kahe, na kila upande uliamini kwamba maradhi yanatoka kwa mwenzake. Wa juu walisema watu wa tambarare wameleta homa. Wa tambarare walisema watu wa juu wameleta kikohozi. Mama Felisia alisema watoto wanapeana zawadi, na wakubwa wanagombania nani aliyetoa.

Zana zetu zilikuwa chache, na nyingi bado mtazihitaji. Tuliwalaza mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule, wasipumuliane. Kila mtoto alikuwa na kitambaa chake cha pua, kimeshonewa begani, kwa sababu kanga moja ya mlezi kufuta pua za wote ni sawa na kuwapaka mafua. Homa ipimeni kwa mgongo wa mkono, shingoni, siyo kwa kiganja kilichotoka kwenye moto wa jikoni. Madirisha yafunguliwe hata mlima ukipuliza. Na hili Mama Felisia alinirudia mpaka nikaliota: mtoto anayelia usimwogope. Mwogope aliyenyamaza, asiyetaka kunywa, ambaye mbavu zake zinaingia ndani akivuta pumzi. Huyo mbebe, ukimbie.

Nilikuwa nimezoea kazi, au nilidhani nimeizoea, alipokuja Yosefina. Alikuwa mjane kijana. Mumewe alipofariki, shemeji alitaka kumrithi pamoja na kihamba, naye akakataa, akaondoka na mtoto wake mgongoni, akaja kuishi kwenye kambi ya vibarua. Mtoto aliitwa Aloisi. Alikuwa ametimiza miaka miwili, na kila alichokiona alikifuata kwa kichwa.

Aloisi aliumwa kuliko wote. Nimelea watoto wengi, na sijaona pua yenye bidii kama ile. Lakini ni yeye aliyenifungua macho. Asubuhi alikuwa moto kama jiwe la mafiga, kichwa kimelala begani kwangu, macho yamelegea, nami nasali kimoyomoyo. Jua likipanda, jasho linamtoka. Mchana anatazama kushoto na kulia, anaomba ndizi. Jioni mama yake anamkuta anamfukuza kuku. Nilimtazama nikajiuliza ni nani aliyefanya kazi ndani ya mwili ule mdogo wakati mimi nimekaa tu nimemshika, na alijifunza wapi. Mzee mzima akipata homa ya namna ile hulala, huita ndugu, huusia. Mtoto huimaliza akarudi kwenye kuku. Mpaka leo nikilifikiria jambo hilo nywele hunisimama.

Yosefina hakuwa na nafasi ya kustaajabu. Habari zilipanda mlimani zikamfikia mama mkwe wake, Bibi Manka, naye akateremka kwa miguu na fimbo yake. Alikataa kiti, akakataa maji, akasimama katikati ya nyumba akitazama pua zilizokuwa zikitiririka kila upande. Yosefina aliitwa kutoka mibunini.

"Mtoto huyu ni wa ukoo wetu," Bibi Manka alisema. "Kwangu hakuwahi kukohoa. Hapa analishwa na watu nisiowajua, na kila habari ninayoipata ni kwamba anaumwa. Wewe umekataa kurudi, sawa, hilo ni lako. Nitakuja kahawa ikiisha. Nikimkuta hivi, naondoka naye."

Yosefina alimjibu kwa heshima, macho chini, kwamba amemsikia. Yule bibi alipofika mlangoni aligeuka akanitazama mimi, si mkwewe, na sauti yake ilikuwa nyingine. "Nimezika watoto watatu," akasema. "Wote walianza na kikohozi kama hiki."

Siku ile sikuweza kumchukia, ingawa nilitaka. Yosefina alikaa chini akamshika Aloisi mpaka mtoto akalalamika. Mtoto akipandishwa mlimani, yeye angekuwa mgeni wa Jumapili kwa mwanawe mwenyewe, au angerudi kwa shemeji. Hakukuwa na njia ya tatu, na wote tulilijua hilo.

Msimu ule ule magoti ya Mama Felisia yakamkatalia. Alibaki kukaa mlangoni akichambua maharage na kutoa amri, na kuonja uji kukawa kazi yangu. Kila asubuhi nilikunywa funda moja kutoka kila kata. Huyu ana kikohozi, nimeonja chake, nimehamia cha mwenzake, na mimi mwenyewe sauti imekauka, nakohoa pembeni kisha narudi kuonja. Akina mama waliridhika kabisa.

Kisha Aloisi akanyamaza. Ilikuwa asubuhi, wenzake wanalia na kugombana, na yeye ameketi kimya mkekani, mbavu zikiingia ndani. Sikungoja kuulizwa. Nilimfunga mgongoni nikakimbia hadi barabarani, Yosefina nyuma yangu na kikapu bado kiunoni, tukapanda juu ya magunia ya kahawa kwenye lori linaloteremka mjini. Hospitali walisema ni kichomi. Wakamchoma sindano, wakatuambia tungoje. Yosefina alisali rozari, mimi nikasoma nilichokijua, na katikati yetu kile kifua, chembamba kama cha kifaranga, kikafanya kazi. Kilipanda, kilishuka, kilipanda. Nilikuwa nimeishi miaka yangu yote chini ya mlima mkubwa kuliko yote na kuuzoea kama ukuta wa jirani. Lakini mbele ya kifua kile niliona haya kupumua kwa nguvu. Alipofungua macho akataka maziwa, Yosefina alilia kwa sauti, na muuguzi akamwacha alie.

Haukupita muda mrefu, Ramadhani ikaandama. Nilimwambia Mama Felisia kwamba mchana sinywi kitu, hata funda la uji. Akaniuliza kama siwezi kuulowesha ulimi tu kisha niteme. Tukajaribu asubuhi moja. Akina mama walitazamana. Kuonja bila kumeza, huku mlimani, ni kama kuapa umefumba mkono nyuma, na mmoja wao alimbeba mwanawe akaenda naye mibunini. Basi Mama Felisia akaamua kwamba mwezi huo kila mama aonje kata ya mwanawe mwenyewe kabla ya kwenda kazini. Walinung'unika kwamba wanachelewa, lakini wakaonja.

Mwezi ule nyumba ilitulia. Mwanzoni nilidhani ni baraka za mfungo, na sikuona sababu ya kuzungumza kwa sauti nisije nikaziharibu. Pua hazikuisha, maana pua haziishi, lakini kikohozi hakikuzunguka tena kutoka mkeka huu hadi ule. Aloisi alinenepa mashavu. Ikaja Idi, nikala pilau, nikarudi kazini na furaha zangu, nikashika kata nikaonja zote kama kawaida. Kabla wiki haijaisha, nyumba nzima ilikuwa inakohoa, na mimi ndiye niliyeanza.

Nilikwenda kukaa karibu na Mama Felisia penye maharage yake. Nilimwambia polepole, kwa sababu ilikuwa mila yake na si yangu, kwamba nadhani kikohozi kinasafiri kwenye mdomo wangu. Kinapanda kata ya kwanza kinashuka kila kituo. Aliendelea kuchambua maharage, nikadhani nimemkosea.

"Kiapo ni kumeza," mwishowe akasema. "Hakuna aliyesema lazima umeze kwenye kata ya mtoto."

Kesho yake alijikongoja hadi kwenye chungu na kuwaambia akina mama utaratibu mpya. Anayetoa uji atachota wa kwanza kutoka chungu hicho hicho, katika kata yake mwenyewe, atakunywa yote mbele yao, ndipo watoto wapewe. Mama mmoja wa Uru, mwenye akili za kuuliza, akasema sawa, chungu tumekiamini, na je, kama kitu kimepakwa kwenye kata? Watu wakacheka, lakini swali lilikuwa la haki. Tukakubaliana kwamba kila mama akae na kata ya mwanawe, aioshe kwao, aje nayo asubuhi na kuondoka nayo jioni. Hapo hakubaki mwenye neno. Nanyi mabinti mnanyweshwa kata nzima ya uji kila asubuhi na hamjui kwa nini, sasa mmejua.

Sitawadanganya kwamba maradhi yaliisha. Watoto wageni waliendelea kuumwa msimu wao wa kwanza, na wenu wataumwa pia hata muwalaze mzungu wa nane. Tofauti ni kwamba sasa yalikuja moja moja, mwili ukapata nafasi ya kumaliza kazi moja kabla ya kupewa nyingine. Na nilianza kuona kitu ambacho mwanzo sikukiona. Mtoto aliyemaliza msimu mmoja nasi, msimu wa pili mafua yalimpita kama mgeni anayekujua jina, anakusalimu mlangoni anaendelea na safari. Hakuna dawa tuliyowapa. Wenyewe, kwa pua zao, walikuwa wamejifunza.

Kahawa ikaisha. Siku ambayo Bibi Manka alitarajiwa, Aloisi aliamka na pua. Si homa, si kikohozi, ni ule ute mmoja mnene unaoteremka hadi mdomoni bila haraka. Yosefina alifika naye mapema. Aliniomba nimfiche, niseme amelala, nimpeleke nyuma kwenye majiko. Mama Felisia ndiye aliyekataa. Mtoto si mbege haramu, alisema, afichwe kwa nini? Futa pua, mwache.

Bibi Manka aliingia, tukamwamkia, akaitikia. Safari hii alikubali kiti. Alimwona Aloisi papo hapo, na ile pua aliiona, maana hakuna aliyeweza kutoiona. Uji ulikuwa umeiva. Nilichota wangu mbele ya akina mama, nikanywa mpaka chini, kisha nikawajazia watoto. Nilimkaribisha yule bibi naye, kwa adabu. Akatikisa kichwa, kama nilivyojua atafanya. Tangu aijue nyumba ile hakuwahi kutia kitu chake mdomoni.

Aloisi alikuwa anatazama. Kumbe asubuhi zote zile, akiwa na homa na akiwa mzima, alikuwa anatazama. Aliishika kata yake kwa mikono miwili, akanywa funda moja, akameza kwa kishindo kama nilivyokuwa nikifanya mimi, akatembea nayo hadi kwenye kiti, uji ukimwagikia miguuni.

"Nimeanza mimi, Bibi," akasema. "Kunywa."

Yosefina aliweka mkono mdomoni. Bibi Manka aliitazama ile kata, ukingo wake unang'aa kwa uji na kwa pua pia, akamtazama mjukuu wake. Mtu wa mlimani anayepewa kinywaji kilichoanzwa na mwenye kukitoa hawezi kukirudisha. Angekuwa amesema kwamba hata mtoto yule hamwamini. Aliipokea kwa mikono miwili. Akanywa yote. Kisha akasema "Aika," ambayo kwa Kichagga ni asante. Aliondoka akisema atatoa jibu Jumapili.

Jumapili hakuteremka. Mchana ukafika, Yosefina hakuweza kukaa, akaniomba tumfuate. Tulipanda, Aloisi akitembea sehemu kubwa mwenyewe na kuchuma kila kijani alichokiona. Mawingu yalikuwa yamefunguka na theluji imekaa juu yetu, na kwa mara ya kwanza tangu utoto nilisimama kuitazama.

Tulimkuta Bibi Manka kitandani, amejifunika blanketi mbili, macho mekundu, sauti hana. Yalikuwa mafua ya Aloisi. Mtoto mwenyewe alikuwa ameshayasahau siku ile ile. Yule bibi yalikuwa yamemlaza. Nilitaka kuinama nimwombe radhi, lakini Aloisi alinitangulia. Alipanda kitandani, akakivuta kitambaa cha begani mwake mpaka uzi ukakatika, akamfuta bibi yake pua. Alimfuta kwa uangalifu, pande zote mbili, kama anavyofutwa yeye.

Bibi Manka alimwacha amalize. Alimtazama muda mrefu, usoni, kifuani, miguuni penye vumbi la kupanda mlima. Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya mafua.

"Wale wangu watatu hawakuyavuka maradhi haya," akasema. Kisha akamwambia Yosefina, kwa sauti iliyokauka, "Rudi naye. Mwache huko huko."

Yosefina alipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya udongo.

Msimu uliofuata, siku ya kwanza ya mavuno, Bibi Manka aliteremka na fimbo yake na wajukuu wengine wawili, kila mmoja na kata yake mpya. Nilimwambia kweli yote, kwamba wataumwa, pua, kikohozi na macho, mpaka msimu uishe. Akasema anajua. Nikamwambia basi nenda salama, Mama, tutawaangalia. Hakuondoka. Alisimama mlangoni pamoja na akina mama wengine, mikono juu ya fimbo, akakitazama chungu, akanitazama mimi, akangoja.

Nikachota, nikanywa.